Chafya ya Tangi la Nne

Jumatatu asubuhi Linah Jerotich aliketi kwenye chumba cha mitambo cha kiwanda cha maziwa kilichoko nyuma ya mtaa wa Kaptembwo, akaweka kikombe cha chai mbali na kompyuta kama alivyozoea, akaanza kuvigawia vifaa vipya anwani. Kazi yenyewe si ngumu kuieleza. Pampu, mikanda na valvu za siku hizi huzungumza kwa kebo, na kila kifaa lazima kiwe na anwani yake, namba nne zilizotenganishwa kwa nukta, ili kompyuta ikisema "fungua" kijulikane kinachoambiwa. Kifaa kikitoka kwenye kartoni hakina anwani. Hukaa mtandaoni kikilia kuomba, fundi akakisikia, akakipa yake, halafu akakiambia kiishike na kiache kuomba. Hapo ndipo mafundi wengi huboronga. Hutoa anwani wakasahau kukiambia kiishike, na stima ya umeme ikipotea kidogo tu kifaa huamka kikiwa mgeni kabisa.

Linah hakuwa fundi wa kusahau. Alikuwa amefunga mitambo kwenye mashamba ya maua Naivasha na kwenye kinu cha unga Njoro, na hakuna hata pampu moja iliyowahi kumwaibisha. Kwao Keringet mama yake alikuwa ametundika sebuleni picha yake akiwa amevaa kofia ngumu, juu kidogo ya picha ya harusi ya mtoto wa kwanza, na wageni walielezwa kuihusu kabla hawajapewa chai. Linah alijua anajivuna na hakuona sababu ya kuacha.

Saa nne stima ilipotea, kama inavyopenda kupotea upande ule. Iliporudi, vifaa vyote vilikuwa vimesahau.

"Umeviambia vishike?" aliuliza Masinde, fundi umeme wa kiwanda, mtu mpole wa Kakamega aliyekuwa hapo tangu enzi za valvu za kuzungusha kwa mkono.

"Masinde, tuheshimiane."

"Nauliza tu, injinia. Si kwa ubaya."

Alivipa tena. Wakazima stima wenyewe, wakawasha. Vikasahau. Linah alipiga simu Nairobi kwa watu waliouza vifaa, na sauti ya kijana ikamwambia arudie. Alirudia, akabadilisha kebo, akabadilisha swichi, akarudia tena. Kufikia jioni alikuwa ameingoja kila taa iwe kijani na kuiona kila taa ikirudi nyekundu, na kwa mara ya kwanza tangu amalize chuo aliona haya kutoka kupitia getini.

Getini kulikuwa na Wangare, ambaye wengi walimwita Mama Jackie, akikusanya vikombe vyake. Kila mfanyakazi alimjua. Kwanza, chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Pili, kila asubuhi gari la meneja lilipopunguza mwendo pale getini, alilisogelea na kuuliza swali lile lile.

"Boss, utasema lini alikuwa ndani?"

Meneja, Bwana Kosgei, alikuwa na kawaida ya kupandisha kioo.

Aliyeulizwa habari zake ni Kipkemoi, mume wa Wangare, kibarua wa kuosha matangi. Mwaka uliotangulia aliingia tangi la nne na brashi yake, na mtu wa zamu, bila kujua kuna binadamu ndani, akafungua mvuke kwa mkono. Kiwanda kilisema Kipkemoi hakuwa ameingia kazini siku hiyo. Kilisema alikutwa kwenye kijia nje ya ua, ameanguka, na kwamba huenda alikuwa amekunywa. Kipkemoi hakuwa mtu wa chupa, lakini maneno yalifika shuleni, na watoto wake wawili wakayasikia kutoka kwa watoto wenzao. Wangare hakutaka kingine. Alitaka meneja aseme, watoto wakisikia, kwamba baba yao alifia kazini. Miezi michache baadaye kiwanda kiliagiza valvu zinazofunguliwa na kompyuta, bila kueleza ni za nini, na hizo ndizo Linah aliletwa kuzifunga.

"Leo umechoka, msichana wangu," Wangare alimwambia, akimpa kikombe cha mwisho.

"Vimekataa anwani."

"Vitakubali. Mtu akipewa jina lisilo lake si hulia tu?"

Alisema hivyo akifunga chupa ya chai, akiwaza mandazi yaliyobaki. Lakini Linah alikwenda nalo hilo neno mpaka kitandani. Kwao, mtoto akizaliwa, kina mama humzunguka na kuyaita majina ya jamaa waliokufa, mmoja mmoja, wakimnusisha ugoro kidogo. Jina likitajwa na mtoto akapiga chafya, basi huyo ndiye aliyerudi, na kelele za furaha zinaanza. Wanaiita kurenet. Bila hiyo mtoto hulia usiku na mchana na hanyonyi vizuri. Linah mwenyewe inasemekana aliwakatalia majina tangu alfajiri mpaka chai ya saa nne, akaja kupiga chafya kwa jina la bibi mmoja aliyejulikana kwa ukali.

Asubuhi alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

"Boss, naona hivi vifaa havijaitwa majina."

Kosgei aliinua macho kutoka kwenye simu. Yeye pia aliitwa hivyo hivyo alipozaliwa. "Hata mimi jana nilifikiria hivyo," alisema. "Una mtu?"

"Kuna senge yangu, Keringet."

"Aje. Lakini avae gambuti na kofia ya nywele. Sitaki maneno na watu wa afya."

Senge Jeruto, dada ya baba yake Linah, alishuka siku iliyofuata na mkoba mweusi na kikopo kidogo cha ugoro. Alikuwa ameita majina ya nusu ya watoto wa Keringet. Alivaa gambuti bila kulalamika, akafunika nywele juu ya kitambaa chake, akazunguka kiwanda chote akivitazama vifaa vipya kama atazamavyo watoto wagonjwa. Pampu aliipapasa. Mkanda aliusikiliza.

"Hii nyumba ni ya nani?" aliuliza.

"Ya kiwanda, Senge."

"Hiyo najua. Nauliza wafu wa hii nyumba ni akina nani. Mtu akikufa anarudi kwa nyumba yake tu. Siwezi kuita watu wa Keringet wakuje kufanya kazi kwa watu hawawajui."

Wakampeleka kwenye ukumbi wa mapokezi, ambako picha za marehemu wa kiwanda zimetundikwa ukutani katika fremu za rangi ya dhahabu. Yuko Mzee Kiplangat, mwenyekiti wa kwanza, ambaye aliwahi kupima sukari ya chai ya wafanyakazi kwa kijiko chake mwenyewe. Yuko Kipruto, dereva wa lori la maziwa, aliyefariki breki zilipokatika kwenye mteremko wa Sachangwan. Wako wapima maziwa wawili na mpishi mmoja. Mwisho, karibu na mlango, yuko Chelel, ng'ombe wa kwanza kuleta maziwa hapo, amevishwa shada la maua shingoni na anamtazama mpiga picha kwa dharau. Senge aliwatazama wote, akarudia majina yao kwa midomo, akasema haya, twende.

Walianza na pampu kubwa. Linah aliketi na kompyuta kwenye magoti, tayari kuandika. Senge alichukua ugoro kwa ncha za vidole, akausogeza kwenye tundu ambapo feni ya pampu huvuta hewa, akaanza kuita. Alimwita mpishi, pampu ikanyamaza. Akawaita wapima maziwa, pampu ikanyamaza. Alipomwita Kiplangat, pampu ilivuta hewa, ikasita kidogo, ikapiga chafya.

"Mwandike," Senge alisema.

Linah alibonyeza. Walizima stima, wakaiwasha, na taa ikawa kijani. Tangu siku hiyo pampu ile hutoa maziwa kipimo kamili na tone halizidi, na hakuna aliyetarajia tofauti.

Mkanda wa pakiti ulipiga chafya kwa Kipruto kabla jina halijaisha. Senge alipiga kigelegele, Masinde akavua kofia kwa sababu waliwahi kuwa marafiki, na mkanda ukaanza kukimbia kwa furaha ya mtu aliyekaa gereji muda mrefu. Ilibidi Linah aupunguzie mwendo. Mpishi alichukua mashine ya kupasha maziwa moto, jambo lililompendeza kila mtu. Kipimo cha kina cha maziwa kilisumbua. Senge alipitia watu wote, akarudia, akakuna kichwa juu ya kofia, halafu akasema kwa sauti ya kujaribu tu, "Chelel." Kipimo kilipiga chafya ndefu yenye mate.

"Ng'ombe anakubalika?" Masinde aliuliza.

"Ni wa hii nyumba," Senge alijibu. "Umeona mwenyewe."

Kosgei alikuja kutazama. Alikunja mikono kifuani, akaridhika, akapiga simu kwa wakurugenzi kuwaambia kazi inakwenda vizuri na kwamba Chelel yuko kwenye kipimo. Wakurugenzi walifurahi. Mmoja aliomba shada jipya liwekwe kwenye picha.

Ilibaki valvu ya mvuke ya tangi la nne.

Senge aliinusisha ugoro na kuanza. Aliita wote waliokuwa ukutani. Aliita wazee waliochimba msingi wa kiwanda, majina ambayo Masinde alimnong'oneza. Aliita hata mbwa wa lindo. Valvu haikutikisika. Taa yake ilibaki nyekundu, na kwenye kompyuta Linah aliiona ikiomba anwani tena na tena bila kuchoka.

"Kuna mtu hamjaniambia," Senge alisema.

Linah alimtazama Masinde. Masinde aliitazama sakafu, mahali ambapo kuna vigae vipya. Mwaka uliopita yeye alikuwa mmoja wa watu wanne waliombeba Kipkemoi kutoka pale mpaka nje ya ua, na baadaye wakaelezwa kwamba hawakumbeba mtu. Ana watoto watatu Kakamega na mmoja chuoni. Kosgei alikuwa amesimama palepale. Masinde aliitazama ile taa nyekundu, akaona afadhali kusema kuliko kuendelea kusimama.

"Jaribu Kipkemoi," alisema.

Senge hakupata hata nafasi ya kulirudia. Valvu ilipiga chafya iliyotikisa bomba kutoka sakafuni mpaka kwenye paa, vumbi likaanguka, na kofia ya nywele ya meneja ikahama ikakaa kwenye sikio. Senge Jeruto alipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika. Linah alikuwa akilia na kuandika kwa wakati mmoja, na hakukosea hata namba moja. Walizima stima, wakaiwasha. Kijani.

"Sawa," Kosgei alisema, akirekebisha kofia yake. "Mpe anwani tufunge hii kazi."

"Nimempa."

"Vizuri."

Wangare alikuwa ameisikia ile chafya getini. Alikuwa ameisikia kila asubuhi kwa miaka kumi na mmoja, mumewe akiinuka kitandani, na hakuwa mtu wa kuichanganya na nyingine. Aliziba chupa ya chai, akampita askari, ambaye aligeuka kutazama upande mwingine, akaja akasimama mlangoni mwa chumba cha matangi akiwa na aproni yake.

"Ni yeye?" aliuliza.

"Ndiye, mama," Senge alisema. "Amerudi kwa nyumba yake."

Wangare alilitazama tangi la nne, halafu akamtazama meneja. Alisimama wima sana. "Boss, wewe ni mtu wa hii desturi. Mtu anarudi kwa nyumba yake tu, si ndio?"

"Ndio."

"Basi alikuwa ndani."

Kosgei alifikiri kidogo. Hakuwa mtu mbaya wa kupigia watu kelele. "Mama Jackie, hiyo ni mambo ya network," alisema. "Kwa network yuko ndani, siwezi kukataa, nimesikia na masikio yangu. Lakini mambo ya ofisi ni tofauti. Kwa ofisi alikuwa nje."

"Mtu huyo huyo mmoja?"

"Mtu mmoja."

Alimwagiza Masinde amsindikize mama mpaka getini, awe mwangalifu kwa sababu sakafu ilikuwa na maji.

Siku ya kuzindua mitambo, wageni walifika kwa magari mengi, na Wangare akaitwa ndani kuwapikia chai kwa sababu hakuna aliyetaka kujaribu chai ya mtu mwingine mbele ya wageni. Kwenye skrini kubwa ya mapokezi kila kifaa kilionyeshwa kwa jina lake: Mzee Kiplangat, Kipruto, Chelel na wengine. Valvu ya tangi la nne ilionyeshwa kwa namba tu. Kosgei aliomba iwe hivyo. Linah alikuwa amebishana naye, akasema yeye kazi yake haifanyi nusu, na Kosgei akamwambia kwa upole kwamba skrini ni ya kiwanda. Basi Linah alibadilisha skrini. Ila jina alikuwa ameliandika ndani ya valvu yenyewe, mahali ambapo halifutiki hata skrini ikibadilishwa mara mia, na fundi yeyote atakayeiuliza jina lake kwa kebo atajibiwa Kipkemoi. Halikuwa jambo kubwa, lakini alilifanya akiwa na hasira na alilifanya vizuri.

Wageni walipofika kwenye matangi, Kosgei aliwaonyesha ile valvu kwa mbwembwe. Alimwambia kibarua mmoja ainame aingize kichwa na mkono ndani ya tangi, kisha akamwomba Linah aamuru mvuke ufunguke. Linah aliamuru. Valvu ilikataa. Aliamuru tena, ikakaza zaidi, bomba likaguna. Kibarua alipotoa kichwa na kusimama mbali, valvu ilijifungua yenyewe polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Hakuna kitabu cha vifaa kinachosema valvu za aina hiyo zinaweza kufanya hivyo, na Linah alikuwa amevisoma vyote.

Wageni walipiga makofi. Bibi mmoja mwenye miwani alisema hajaona kiwanda kinachojali watu namna hiyo, hata ng'ambo.

"Usalama kwanza," Kosgei alisema, uso ukimng'aa.

"Kuna mtu aliwahi kuumia hapa?"

"Hapana. Hata mmoja."

Tangi la nne likapiga chafya. Wageni, watu wenye adabu, waliitikia "bless you," wakaendelea mpaka kwenye mkanda.

Wangare alikuwa amesimama nyuma yao na sinia ya vikombe. Alikuwa na uchungu, na hakuuficha, machozi yalimshuka mbele ya watu. Lakini alikuwa na fahari pia, na fahari ilikuwa kubwa kuliko uchungu. Yule kibarua aliyeinama tangini alikuwa kijana wa Dundori aliyeoa juzi tu, na jioni ile angerudi kwa mkewe akiwa mzima, na aliyemrudisha ni Kipkemoi. Wangare alimpa kijana kikombe cha kwanza kabla ya wageni, na hakuna aliyemkataza.

Linah alimaliza mkataba wake wiki hiyo. Kabla ya kuondoka alimwomba meneja picha moja zaidi ukutani. Kosgei alisema ukuta umejaa. Ni kweli ulikuwa umejaa, kwa sababu picha ya Chelel ilikuwa imepanuliwa kutoa nafasi ya shada jipya. Linah alipita getini kichwa kikiwa juu, akakumbatiana na Wangare, akaenda kufunga mitambo ya kiwanda kingine. Siku hizi hubeba kikopo cha ugoro kwenye mkoba wa vifaa, pamoja na koleo na kebo, na katika ripoti zake anakitaja bila maelezo.

Stima bado hupotea upande wa Kaptembwo. Inaporudi asubuhi, kiwanda huamka kwa zamu. Pampu hupiga chafya yake fupi ya kubana, mkanda wafuata, Chelel naye, na mwisho kabisa ni tangi la nne, chafya ya mwanaume mzima, inayosikika mpaka ng'ambo ya barabara. Wakati huo Wangare huwa anamimina chai. Jackie na mdogo wake hupita pale wakienda shule, sare zimepigwa pasi, na hawaondoki mpaka waisikie.

"Baba yenu ameingia kazini," Wangare huwaambia. "Haya, na nyinyi mwende."

Huondoka wakitembea katikati ya kijia, yule mdogo akitikisa mikono kama askari wa gwaride, na mtoto mwenzao akianzisha yale maneno ya zamani, Jackie humwambia anyamaze asikilize mwenyewe. Halafu gari la meneja hupunguza mwendo. Wangare hupangusa mikono kwenye aproni, husogea mpaka dirishani, na huuliza.

"Boss, utasema lini alikuwa ndani?"

Kosgei hupandisha kioo, na askari hufungua geti.